Kabla hujaahirisha UE, pitia kwanza stesheneri

Nina stesheneri Savei, hatua chache kutoka barabara inayopandisha Mlimani: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na feni ambayo kelele zake ni nyingi kuliko upepo wake. Wateja wangu ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo hiyo Mlimani, na wa Chuo Kikuu Ardhi, na wachache wanaotoka Chuo cha Maji pale Ubungo. Ratiba ya UE, mitihani ya chuo ya mwisho wa semesta, ikishabandikwa tu, huanza kuingia wale wanaoongea kwa sauti ya chini: "Dada, unaandika barua ya kuposponi?" Naandika. Kuchapa ukurasa mmoja ni shilingi 1,000, kuprinti 200, fotokopi 100. Ila kabla sijagusa kibodi nauliza maswali, na wapo wanaochukia, maana walikuja kununua barua, hawakuja kuhojiwa.

Nauliza kwa sababu barua nazichapa mimi, na majibu yake nayaona mimi, wanaporudi kuyatolea kopi. Nimeona watu wenye shida nzito wakikataliwa, na wenye shida ya kawaida wakikubaliwa bila tabu. Mara nyingi kinachowatenganisha ni tarehe. Barua iliyopokelewa kabla ya mtihani inasomwa kama ombi. Iliyofika baada ya mtihani inasomwa kama kujitetea, hata kama mwenye nayo alikuwa amelazwa. Kwa hiyo lolote utakalochelewesha, usicheleweshe kupata muhuri wa mapokezi. Mengine yote hapa chini yanajengwa juu ya hilo.

Unaomba nini hasa?

Kuahirisha mtihani ni kuomba karatasi moja au kadhaa usizifanye sasa, uje uzifanye kwenye mtihani maalumu, ule mnaouita speshali. Semesta yako inaendelea na alama zako za darasani zinabaki palepale. Kuahirisha masomo ni jambo jingine: unasimama semesta au mwaka mzima, unarudi baadaye na kundi la nyuma yako. Na sapu haiombwi. Sapu unapewa ukifeli. Bado kila msimu napata mtu ananiambia "niandikie barua ya kuomba sapu". Namwambia akae kwanza kwenye benchi, tuelewane.

Tofauti ya speshali na sapu inauma kwenye matokeo. Speshali huhesabiwa kama mara ya kwanza kufanya mtihani, kwa hiyo unaweza kupata hata A. Sapu, hata ukiandika majibu ya dhahabu, kwa kawaida inaishia C. Kwa mpangilio wa Mlimani, A inaanzia 70 na ina pointi 5, C inaanzia 40 na ina pointi 2. Mtu anayeivizia GPA (wastani wa pointi) ya 3.5 ili apate daraja la pili la juu anajua pointi tatu kwenye kozi moja zinafanya nini. Ndiyo maana mgonjwa anayejikokota kwenda kufanya mtihani "ili uishe tu" huwa namtazama mara mbili. Ukishakaa, ukaandika, ukakusanya karatasi, habari ya kwamba ulikuwa na homa kali haina tena mahali pa kwenda.

Ila usidhani kuahirisha ni bure. Vyuo vingi hufanya speshali pamoja na sapu, mwisho wa mwaka wa masomo, kabla mwaka mpya haujafunguliwa. Kipindi hicho bumu hakuna. Ile 10,000 ya chakula na malazi kwa siku inayotoka Bodi ya Mikopo inahesabiwa kwa siku za masomo, haihesabiwi kwa wewe kurudi Dar kufanya karatasi mbili zilizobaki. Utalala wapi, utakula nini, nauli itatoka wapi? Kama fildi, yale mafunzo ya kazini, umepangiwa Mtwara au Kagera, inawezekana ukalazimika kuomba ruhusa huko, upande basi, ufanye mtihani, urudi kumalizia. Na ukianguka kwenye speshali yenyewe, sapu yake huenda ikakusubirisha hadi mwaka unaofuata, hapo tena ni kubeba keri, yaani kwenda na kozi hiyo mwaka wa mbele. Kwa wa mwaka wa mwisho kuna mahafali: matokeo ya speshali yakichelewa, wenzako watavaa joho wewe ukiwapigia picha.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni hili: unaweza kukaa kwa muda wa saa tatu, ukaandika? Mwenye mafua, kafanye mtihani. Mwenye mkono uliovunjika, uko kwenye hogo (plasta), tukae tuandike. Mwenye kusema "sijajiandaa" namwambia ukweli: hakuna kanuni ya chuo inayoiita hiyo sababu, na 1,000 yake aende akanunue vocha ya kuwapigia wenzake wamuelekeze hizo topiki.

Sababu na karatasi zake

Kila chuo kina kitabu chake cha kanuni za mitihani, mara nyingi ni PDF kwenye tovuti. Tafuta sehemu ya kuahirisha mtihani uisome mwenyewe. Ni ukurasa mmoja au miwili tu, lakini ndiyo inayotaja nani anapokea ombi, siku ngapi unapewa, na uthibitisho gani unatakiwa. Usichukue maneno ya rafiki yako wa chuo kingine, hata kama mnakaa chumba kimoja hosteli za Mabibo. Yangu haya nayo ni ya jumla.

Ugonjwa ndio unaoleta watu wengi. Karatasi inayohitajika ni taarifa ya daktari au ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha. Ishike mkononi uisome kabla hujatoka hospitali, wala usione haya. Angalia jina lako: liko kama lilivyo kwenye usajili wa chuo? Hapa nimeona kadi imeandikwa jina la nyumbani na jina la babu, wakati chuoni anajulikana kwa jina la cheti cha kidato cha nne. Afisa anayepokea hakujui sura, anakujua kwa majina matatu na namba ya usajili. Mwombe mpokeaji wa hospitali arekebishe palepale, kwa sababu ukishafika Savei huna tena wa kukurekebishia. Kisha angalia tarehe. ED inayosema "apumzike siku tatu" kuanzia tarehe 9 haifuniki mtihani wa tarehe 14. Kama daktari anaona hutakuwa umepona, aandike mpaka lini. Mwisho jina la daktari, saini na muhuri unaosomeka, siyo lile duara la wino wa buluu lililomwagika.

Ukiwa umetibiwa nje, tuseme Mwananyamala, Palestina pale Sinza au zahanati ya mtaani kwenu, vyuo vingi hutaka karatasi hiyo ipitie kwa daktari wa chuo aithibitishe. Hapo ndipo siku zinapoliwa. Nenda kituo cha afya cha chuo asubuhi, na beba karatasi zote: vipimo, risiti, kadi ya bima, hata bahasha ya dawa. Daktari wa chuo anataka kuona kwamba uliumwa kweli. Hadithi yako anaisikia kila siku kutoka kwa wengine. Kama umelazwa, hiyo kazi ataifanya ndugu au CR wako, yule mwakilishi wa darasa. Mpigie simu siku ileile unayolazwa.

Ajali ina karatasi yake ya ziada. Ukigongwa au ukianguka na bodaboda utapita polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Wengi wakishatibiwa hawakumbuki tena. Toa kopi kabla haijabaki hospitali, kwa sababu hiyo PF3 ndiyo inayoonyesha siku ya ajali, wakati taarifa ya daktari inaonyesha hali yako ilivyo sasa.

Ujauzito na kujifungua: dada zangu, hii si aibu wala si siri ya kubebana. Kadi ya kliniki ina tarehe ya matarajio ya kujifungua, na hiyo tarehe inatosha kuonyesha kwamba UE ya Julai itakukuta leba. Andika barua mapema, mimba ikiwa bado na miezi, badala ya kusubiri uchungu ukushike kwenye kumbi za Yombo pale Mlimani, katikati ya swali la pili. Wanaoleta barua za aina hii mapema ndio ninaoona wanajibiwa haraka kuliko wote. Fikiria pia kama unahitaji kuahirisha karatasi mbili tu au semesta nzima, maana mtoto mchanga hafuati kalenda ya chuo.

Msiba. Hapa nasikitika na mtu, halafu namuuliza karatasi. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, huchukua muda, na mtihani hausubiri. Kinachopatikana haraka ni kibali cha mazishi, na barua ya mtendaji wa kijiji au kata yenye muhuri inayosema marehemu ni nani kwako. Huo uhusiano uandikwe wazi: baba, mama, mume, mke, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye. Kwa mjomba aliyekulea, barua ya mtendaji iseme kwamba ndiye aliyekuwa mlezi wako, kwa sababu anayesoma barua ofisini haoni ukoo wenu ulivyokaa. Kama umesafiri kuzika Singida, mtumie CR picha ya kibali kwa WhatsApp, aiprinti, apeleke na barua. Nyaraka halisi utakuja nazo.

Kazi na safari ni za wale wanaosoma jioni. Barua ya mwajiri iwe kwenye karatasi yenye kichwa cha ofisi, itaje tarehe za safari, na iseme kwamba huwezi kubadilishwa na mtu mwingine. Barua ya "mfanyakazi wetu ana majukumu mengi" haifiki mbali. Kila mtu ana majukumu mengi.

Mitihani kugongana, au mtihani kuangukia Jumamosi kwa Msabato, usisubiri ratiba ya mwisho. Vyuo hutoa ratiba ya awali kusudi watu waseme. Ukiona kozi zako mbili zimewekwa saa ileile, mwambie CR na anayepanga ratiba siku hiyohiyo, wakiweza watahamisha. Hilo halihitaji barua ya kuahirisha wala speshali. Vivyo hivyo chuo kikisogeza kalenda nzima, kama ilivyokuwa 2020 vyuo vilipofungwa Machi kwa sababu ya korona vikafunguliwa tarehe 1 Juni, hakuna aliyehitaji kuomba mmoja mmoja.

Ada ndiyo inayonikata maini. Mtu hajamaliza ada, jina limezuiwa, anataka niandike kwamba anaumwa. Siandiki. Nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi na kwa wahasibu kabla ya wiki ya mitihani, uombe uruhusiwe kufanya mtihani huku ukilipa kwa awamu. Wengine hukubaliwa kwa ahadi ya maandishi na malipo kidogo ya kuanzia. Ukikataliwa kabisa, bado andika barua ya kweli ieleze hivyo, ipokelewe kabla ya mtihani. Inaweza isikubaliwe, lakini kwenye faili utasomeka kama mtu aliyesema kabla. Asiyeonekana mtihanini na asiyesema neno, kanuni nyingi humhesabu ametoroka mtihani, na huko ndiko disko, yaani kuondolewa masomoni, inakoanzia.

Foleni haiahirishi mtihani. Tangu daraja la Kijazi lifunguliwe pale Ubungo mwaka 2021, hata huruma ya kusikiliza habari za foleni ya Ubungo imepungua.

Na hili niliseme kwa sauti: sibandiki mihuri. Kuna wanaokuja na picha ya muhuri wa hospitali kwenye simu, wananiomba niihamishie kwenye karatasi nyingine, "dada, ni kitu kidogo tu". Kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na chuo kikipiga simu hospitali kuuliza, ni dakika mbili. Aliyekuwa anakwepa sapu moja anaishia kukosa chuo chote, na mimi kompyuta zangu zinabebwa kwenda kituoni.

Barua yenyewe

Vyuo vingi huandikiana kwa Kiingereza, kwa hiyo ya mwisho huenda ukaipeleka kwa lugha hiyo. Ila mimi humwambia mteja aiseme kwanza kwa Kiswahili. Ukiweza kuieleza shida yako kwa Kiswahili kwa sentensi nne, barua imeshakamilika, na kilichobaki ni kuchapa.

Juu kulia weka anuani yako, namba ya simu na tarehe. Kushoto anayeandikiwa: kwa kawaida ni mkuu wa kitivo, shule au ndaki, au yule aliyetajwa na kanuni. Chini yake weka K.K., kupitia kwa, Mkuu wa Idara. Usiiruke hiyo K.K. Barua iliyomruka mkuu wa idara hurudishwa kwake kwanza, nayo wiki inakuwa imeisha. Kisha:

YAH: OMBI LA KUAHIRISHA MTIHANI WA ……… (namba na jina la kozi)

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Shahada ya ………, namba ya usajili ………. Naomba kuahirisha mtihani wa kozi iliyotajwa, uliopangwa kufanyika tarehe 14 Julai, saa 2:00 asubuhi.

Tarehe 9 Julai nilipata ajali ya bodaboda, nikavunjika mkono wa kulia ninaoutumia kuandikia. Nimefungwa hogo, na daktari ameelekeza nisiutumie mkono huo kwa wiki sita. Kwa sababu hiyo sitaweza kuandika mtihani katika tarehe iliyopangwa.

Naomba niruhusiwe kuufanya katika kipindi cha mitihani maalumu cha mwaka huu wa masomo. Naambatanisha nakala ya PF3, taarifa ya daktari iliyothibitishwa na kituo cha afya cha chuo, na nakala ya kitambulisho changu.

Natanguliza shukrani.

Basi. Saini, majina matatu, namba ya usajili tena chini. Hakuna "natumaini u mzima wa afya", hakuna kusimulia ulivyolelewa na bibi. Angalia ile sentensi ya mkono wa kulia: "ninaoutumia kuandikia". Maneno mawili hayo yameziba swali ambalo msomaji angelileta. Mwenye mguu uliovunjika itabidi aeleze zaidi, kwa sababu mguu hauandiki mtihani: aseme kama amelazwa, kama hawezi kupanda ngazi, kama maumivu na dawa vinamzuia kukaa. Pengine asihitaji kuahirisha kabisa, akiomba chumba cha chini na dakika za ziada.

Kama ni kozi zaidi ya moja, zipange kwenye jedwali dogo ndani ya barua: namba ya kozi, jina, tarehe, saa. Usiandike "mitihani yangu yote". Nilishachapa barua ya kijana aliyetaka iandikwe hivyo, nikamkatalia tukagombana kidogo. Tulipoanza kuorodhesha akagundua kwamba karatasi moja ilikuwa baada ya ED yake kwisha. Akaenda kuifanya, na aliifaulu.

Kuipeleka

Toa nakala tatu. Ya ofisi, ya idara, na yako. Yako ndiyo ya thamani. Ukifika dirishani au kwa katibu muhtasi, msalimie vizuri, mpe barua, kisha mwombe agonge muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako pia, aweke tarehe na saini. Wengine watakwambia "acha tu, tutakutafuta". Sema kwa adabu kwamba umeambiwa ubaki na kopi iliyogongwa, na usimame hapohapo. Siyo ujeuri. Kuna binti mmoja, ofisi ya chuo sitaitaja, barua yake ilipotelea kati ya meza mbili na matokeo yakatoka akionekana hakutokea mtihanini. Kilichomuokoa ni karatasi niliyomtolea kopi kwa shilingi 100, yenye muhuri wa siku nne kabla ya mtihani. Bila hiyo angebaki anaapa tu.

Vyuo vingine vina fomu maalumu ya kujaza badala ya barua, na vingine vimehamishia ombi kwenye mfumo wa wanafunzi. Ukijaza mtandaoni, skani nyaraka zisomeke. Picha ya simu iliyopigwa usiku chini ya taa ya njano, na kidole kimeonekana pembeni, haisaidii mtu. Ukishatuma, piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe na hali ya ombi, kisha bado pitia ofisini kuuliza kama wameliona. Mfumo unapokea, lakini anayeamua ni mtu.

Kama huwezi kufika mwenyewe, mwandikie CR au ndugu barua fupi ya kumruhusu akuwakilishe, na nakala ya kitambulisho chako na chake. Tuma pia barua pepe kutoka kwenye akaunti yako ya chuo. Barua pepe peke yake siiamini, ila saa iliyotumwa haifutiki.

Shida ikikukuta siku ileile

Umeamka asubuhi ya mtihani unatapika. Usilale ukangoja kupona. Nenda kituo cha afya cha chuo, au hospitali iliyo karibu, kabla saa ya mtihani haijapita ikiwezekana, ili karatasi yako ionyeshe saa hiyo. Mwenzako amjulishe msimamizi wa chumba na idara. Barua ifuate haraka, ndani ya siku zilizotajwa na kanuni za chuo chenu.

Umezidiwa ukiwa ndani ya chumba cha mtihani: nyoosha mkono, mwambie msimamizi, na hakikisha ameandika kwenye taarifa yake kwamba umetoka kwa sababu ya ugonjwa na saa uliyotoka. Kisha upelekwe kituo cha afya. Anayesimama tu akatoka, akaenda kulala hosteli, ameacha karatasi isiyojibiwa na hakuna aliyeandika kwa nini.

Ukimya si ruhusa

Hili linawaangusha wengi waliofanya mengine yote sawasawa. Umepeleka barua, hujajibiwa, mtihani ni kesho. Mtu anasema, "si nimeshaomba." Kuomba hakujakuwa kukubaliwa. Fuatilia jibu la maandishi, nenda asubuhi ukae kwenye benchi la ofisi, mpigie katibu. Kama jibu halijatoka na una uwezo wa kukaa kwenye kiti, nenda ukafanye mtihani. Kama uko wodini huwezi, basi hapo nakala yenye muhuri na karatasi za hospitali ndizo zitakazokusemea.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, na angalia kwenye kanuni kama kuna nafasi ya kukata rufaa na siku zake. Mara nyingi kinachokosekana ni karatasi moja, na ukiileta mapema jambo linafunguka. Serikali ya wanafunzi huwa na waziri wa elimu ambaye ndiyo kazi yake kusindikiza mambo haya. Mtumie, mlimchagua wenyewe.

Kama jibu limekuwa ni kuahirisha masomo na siyo mtihani, na wewe ni mnufaika wa mkopo, nenda kwa afisa mikopo wa chuo na nakala ya barua ya ruhusa kabla hujafunga mizigo. Mkopo husimama mpaka urudi, na wakati wa kurudi utahitaji barua ileile. Usipokee bumu la semesta usiyosoma ukadhani ni bahati. Hilo ni deni linalokungoja.

Ukikubaliwa, tunza barua ya kibali mahali pasipoingia maji. Kwenye matokeo ya semesta kozi hiyo itaonekana haijakamilika, usishtuke. Miezi ikipita, chuo kitabandika ratiba ya sapu na speshali na orodha ya majina. Tafuta jina lako kwa namba ya usajili na namba ya kozi, maana mara nyingine mtu wa speshali anawekwa kwenye orodha ya sapu, na ukifanya ukiwa kwenye orodha hiyo alama yako inaweza kukatwa kuwa C. Ukiona hivyo, chukua kibali chako nenda kwa afisa mitihani warekebishe kabla ya siku ya mtihani. Siku ya kuingia, beba kibali pamoja na kitambulisho. Na matokeo yakitoka, fungua mfumo uhakikishe alama imeingia na ile ya "haijakamilika" imeondoka. Isipoondoka ndani ya wiki mbili tatu, rudi na faili lako lote. Kopi za kibali ninazo bei ileile, na Jumapili nafungua baada ya misa ya kwanza.